Kiti Kilichoandikwa Kitupu

Kazi yangu ni kuangalia. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa chumba cha chini cha jengo la kemia, chumba kisicho na dirisha, nikiangalia vitu ambavyo jicho halivioni, kisha nawaambia watu wa ghorofani kama vipo au havipo. Wao wanapenda kuambiwa vipo. Mimi sina tabia ya kumpendeza mtu. Kama hakipo nasema hakipo, na ndiyo maana kwenye sherehe ya Krismasi nakaa meza ya pembeni na mlinzi wa jengo.

Naitwa Nettie Harms. Lyle Boychuk alikuwa mkemia wa ghorofa ya tatu. Yeye alikuwa anapika molekuli, mimi naziangalia, na tulifanya hivyo miaka kumi na tisa. Kila Alhamisi saa sita mchana alishuka ngazi na vichupa vyake mfukoni mwa shati, na mkononi bati la perogi, vinyunya vya unga vilivyojazwa viazi, alizozipika mwenyewe, na vitunguu vya kukaanga juu yake. Mimi nilileta soseji kutoka shamba la kaka yangu. Tulikula kwenye kijichumba cha kompyuta, karibu na mashine ya eksirei, ambayo yeye aliipa jina Bibi Olga, kwa sababu ilikuwa ikilalamika kila ikiamshwa kama marehemu bibi yake. Alikuwa na kiti chake pale, kiti cha mbao kilichokuwa kikilia akikaa. Kama mnataka kuuliza tulikuwa wapenzi, jibu ni hapana, na msiulize tena.

Tulichokuwa tunakishughulikia ni kimeng'enya kimoja kilichomo kwenye damu ya kila mtu. Kinaichukua hewa chafu ya mwili na kuigeuza, ipate kusafiri ndani ya damu hadi mapafuni. Kina shimo katikati, na chini kabisa ya shimo hilo kuna chembe moja ya zinki. Zinki ina nafasi nne za kushikwa. Tatu zimeshikwa na kimeng'enya chenyewe, na ya nne imekaliwa na maji, tone moja dogo kuliko tone lolote unaloweza kulifikiria, na hilo tone ndilo linalofanya kazi yote.

Zipo dawa za kukizuia, za zamani na zenye nguvu. Zinaingia shimoni, zinalifukuza lile tone na kukalia zinki zenyewe. Ubaya wake ni kwamba kimeng'enya hiki kina ndugu wengi mwilini, na wote wana zinki ileile, kwa hiyo dawa inayong'ang'ania zinki haichagui ndugu. Mama yake Lyle alipewa vidonge hivyo kwa ajili ya presha ya macho. Vidole vikawa vinamfa ganzi, na soda ya tangawizi, ambayo aliipenda tangu utotoni, ikawa kinywani mwake na ladha ya kutu.

"Mama kaacha soda," Lyle aliniambia siku hiyo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Basi akaanza kuota kizuizi kidogo, kidogo kabisa, kisichofukuza mtu. Kiingie, kilikute tone la maji limekaa mahali pake juu ya zinki, kilishike mkono hilo tone, basi. Ukikaa hivyo, alisema, unakaa pembeni kidogo, na hapo pembeni ndipo wale ndugu wanapotofautiana.

"Mpole mno," nikamwambia. "Kitu kisichoshika zinki hakikai, Lyle."

"Wewe nawe! Mpaka mtu ang'ang'anie ndiyo umwamini?"

"Nitaamini nikiona."

"Haya, angalia basi, bibie. Si ndiyo kazi yako?"

Naangalia hivi. Nakiotesha kimeng'enya mpaka kiwe fuwele, kitu kama punje ya chumvi. Naizamisha fuwele kwenye maji yenye kizuizi cha Lyle, kipate kupenya ndani. Halafu naigandisha na kuipiga eksirei. Lakini ukiigandisha hivihivi, maji yaliyomo ndani yanakuwa barafu na fuwele inapasuka. Kwa hiyo kwanza naichovya kwenye gliserini, ileile iliyomo kwenye mafuta ya mikono. Huku kwetu Saskatchewan, ambako Januari tunachomeka magari kwenye umeme ili injini zisife, hakuna wa kuelezwa maana ya kinga ya baridi. Robo gliserini, robo tatu maji: hiyo ni hesabu niliyofundishwa nikiwa msichana, na sikuwahi kuibadilisha. Mwisho kompyuta inachora ramani. Palipo na kitu, kuna wingu la bluu.

Lyle aliniletea vizuizi kumi na moja vya aina hiyo ya upole, kwa muda wa miaka mitatu. Mara zote kumi na moja niliangalia shimoni nikaona zinki, tone lake la maji, na kipande cha gliserini kilichojipenyeza. Gliserini hujipenyeza popote. Cha Lyle sikukiona. Na sisi watu wa kazi hii tuna neno letu la kuandika kwenye ripoti kama kizuizi hakikukaa: kiti kitupu. Nikaandika mara kumi na moja.

Mara moja tu aliuliza. Alikuwa anatafuna soseji, akanyooshea uma kwenye kioo cha kompyuta.

"Nettie, na huyu gliserini wako je? Haiwezekani ndiye anayenikalia kiti?"

"Gliserini haishiki kitu chochote. Kakuta kiti kitupu, kakaa. Usitafute mchawi."

"Mimi nauliza tu."

"Uliza ya kwenye kemia yako. Hii ni yangu."

Akacheka, akaongeza krimu kwenye perogi zake, tukazungumza habari za timu yake ya kusukuma mawe kwenye barafu, iliyokuwa inafungwa na kila mtu.

Mwaka jana mwezi wa nne ukaja mkutano wa idara. Renata Castonguay, mkuu wetu, mwanamke mwenye akili na haraka nyingi, alitaka kujua kwa nini tunaendelea na mradi usiozaa kitu. Lyle alisimama akaeleza habari ya tone la maji, akachora ubaoni, akaeleza tena. Niliona watu wanaangalia saa. Nikamwonea aibu, na aibu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira.

"Lyle," nikasema mbele ya watu thelathini, "molekuli zako hazimo. Hazijawahi kuwemo. Unapika moshi."

Ukumbi mzima ukacheka. Sitaficha: nilifurahi walivyocheka, kwa muda wa pumzi moja hivi. Halafu nikamwona anafuta ubao, polepole, pamoja na sehemu ambazo hazikuwa zimeandikwa kitu.

Alhamisi iliyofuata hakushuka, wala ile nyingine. Nilijiambia, na anune basi, mtu mzima. Nilikuwa nakula soseji zangu peke yangu nimegeuzia kisogo kiti chake. Tulikutana kwenye lifti mara mbili tatu. "Habari, Nettie." "Nzuri, Lyle." Majira yote ya joto tuliyamaliza hivyo.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tisa nilikuwa ndani ya chumba cha ubaridi, ambako tunatunza sahani za fuwele, nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Nilivijua. Nikasema moyoni, huyo, kaja kubishana. Sikutoka. Nilimsikia akiita, "Nettie?" mara moja tu. Kiti cha mbao kikalia. Akakaa kwa muda, kisha kikalia tena, na viatu vikapanda. Nilipotoka nilikuta mezani kichupa chenye unga mweupe, kidogo kama wa kukaa kwenye ncha ya kisu. Kwenye lebo aliandika namba, 212, na chini yake neno moja: Ukipenda.

Sikupenda. Nilikitia kwenye friji nyuma ya sahani za zamani, nikafunga mlango kwa nguvu.

Wiki ya pili ya Oktoba Lyle alianguka kwenye uwanja wa barafu, jiwe bado mkononi. Moyo. Walimzika Canora, mji wa kwao, nami niliendesha gari saa tatu na nusu kwenda na saa tatu na nusu kurudi. Baada ya mazishi dada yake, Verna, alinishika mikono miwili kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. "Wewe ndiye Nettie wa Alhamisi," akasema. Nikasema ndiyo. Nikala kipande cha keki, nikaondoka.

Novemba walisafisha meza yake ya kazi. Renata alinikuta kwenye korido na fomu. Masanduku mawili ya vichupa, yatunzwe au yatupwe? Ilihitajika sahihi ya mtu aliyefanya naye kazi.

"Tupeni," nikasema. "Hakuna kinachoshika humo." Nikasaini nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani.

Januari ikatoka barua kwamba Bibi Olga ataondolewa mwisho wa Februari. Siku hizi sampuli zinapelekwa kwenye mashine kubwa za mbali, na chumba changu kilitakiwa kiwe stoo. Ripoti ya mwisho ya mradi wa Lyle niiandike mimi. Nikakaa kuiandika. Ilikuwa ukurasa mmoja, na maana yake yote ilikuwa kwamba Lyle Boychuk alipika vitu kumi na moja na kiti kilikuwa kitupu mara kumi na moja. Hivyo ndivyo jina lake lingebaki duniani, kwenye karatasi yenye mwandiko wangu. Roho iliniuma ghafla mpaka nikasimama. Nikaenda kwenye friji, nikaondoa sahani za zamani. Kichupa kilikuwa palepale.

Nilikuwa na wiki tano, unga wa kutosha majaribio mawili, na sahani moja ya fuwele. Nilitaka kitu kimoja tu: nimwone amekaa. Mara moja. Nimwandikie ripoti nyingine.

Jaribio la kwanza nililifanya nilivyozoea, kwa kila kipimo nilichofundishwa. Nilizamisha, nikachovya, nikagandisha, Bibi Olga akalalamika siku nzima, na kesho yake asubuhi ramani ikafunguka. Shimoni, karibu na tone la maji la zinki, palikuwa na wingu la bluu, nene.

Nikalia. Nasema wazi kwa sababu sikuwa nimelia Canora. Nikaichukua molekuli ya Lyle kwenye kompyuta, kijipete kidogo chenye mkia mfupi, nikaiweka ndani ya wingu, ikaingia. Sikusubiri hata kukagua. Nikampigia Verna.

"Imo," nikamwambia. "Ya kaka yako. Nimeiona."

"Ee Mungu wangu," akasema Verna. "Ee Nettie." Akalia naye, tukawa wanawake wawili tunaopulizana pua kwenye simu.

Mchana nilifanya ukaguzi ambao ningemlazimisha mtu mwingine yeyote kuufanya kwanza. Kompyuta inatia nyekundu pale ulipoweka kitu kisichokuwepo, na kijani pale palipo na kitu usichokiweka. Pete ya Lyle ilikuwa nyekundu katikati. Pembeni yake kulikuwa na nundu ya kijani. Nikaigeuza, nikaibana, nikaisukuma. Nilipika moshi wangu mwenyewe muda wa saa mbili. Pete ni bapa kama sarafu, na lile wingu halikuwa bapa. Lilikuwa limepinda, lina ncha tatu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua. Ilikuwa gliserini.

Sikumpigia Verna kumwambia.

Nilikaa mbele ya hiyo gliserini nikiichukia. Na kwa kuwa niliichukia niliitazama vizuri, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Haikuwa imegusa zinki. Ilikuwa imekaa pembeni kidogo, na ncha yake moja ilikuwa imelishika lile tone la maji. Imelishika mkono. Kitu kidogo, kipole, kisichofukuza mtu, na kilikuwa kimekaa kimetulia kabisa.

Nikafungua ramani ya kwanza ya Lyle, ya miaka minne nyuma. Gliserini, palepale, imeshika maji. Ya pili, vilevile. Nilizifungua zote kumi na moja na kila moja iliniambia neno lilelile. Kitu alichokuwa anakieleza Lyle kwa chaki, kwamba inawezekana kukaa bila kushika zinki, nilikuwa nacho kwenye kompyuta yangu mwaka mzima, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Tena aliyekaa nilimleta mimi. Kwenye kile kimiminika changu cha kuchovyea, gliserini ilikuwa zaidi ya mara mia ya kizuizi cha Lyle. Kama kizuizi chake kilikuwa kimekaa, mimi ndiye niliyemwaga umati wa gliserini ukamsukuma akatoka, dakika moja kabla ya kuangalia. Halafu naangalia, namwona aliyekaa, na naandika kiti kitupu.

"Haiwezekani ndiye anayenikalia kiti?" Alikuwa ameniuliza. Kwa mdomo uliojaa soseji, lakini aliuliza.

Zamani, kabla kugandisha hakujaenea, fuwele zilipigwa eksirei zikiwa na joto la chumba. Mwalimu wangu alinifundisha: unaiingiza fuwele kwenye bomba la kioo jembamba kama sindano ya kushonea, pamoja na tone la maji yake, unaziba ncha mbili kwa nta. Hakuna gliserini. Hasara yake ni kwamba fuwele isiyogandishwa inakufa chini ya miale, una saa chache tu. Sikuwa nimefanya hivyo tangu nilipokuwa na macho mazuri.

Kwenye sahani zilibaki fuwele mbili za kufaa. Nilizizamisha zote kwenye unga wa Lyle wa mwisho. Ya kwanza niliivunja nikiiingiza, nikatukana matusi ambayo baba yangu hakujua kwamba nayajua. Nikainuka, nikaosha uso, nikatembea mpaka mwisho wa korido na kurudi. Ya pili ikaingia. Nikaiziba.

Ilikuwa Alhamisi. Sikuipanga iwe Alhamisi, ndivyo fuwele zilivyokuwa tayari. Niliiwasha mashine saa nne asubuhi na kukaa nikitazama picha zinavyokuja, na kila baada ya muda madoa ya miale ndani yake yalikuwa yanafifia kidogo, fuwele inakufa. "Vumilia, Bibi Olga," nilimwambia. "Vumilia kidogo tu, mama." Saa nane mchana ikawa imekwisha. Saa tisa ramani ikafunguka.

Safari hii sikulia na sikuweka kitu. Niliiacha tupu, nikaikagua kwa njia zote ninazozijua, nikiwa na nia mbaya kabisa, nia ya kumwangusha. Hakuanguka. Wingu lilikuwa bapa. Lilikuwa pete, na mkia mfupi umeelekea juu, na ukingo wa pete umelishika tone la maji la zinki kama alivyochora ubaoni. Zinki yenyewe hakuigusa. Nilipoiweka molekuli yake ndani, hakukutokea nyekundu wala kijani. Fuwele moja ina vimeng'enya visivyohesabika, kila kimoja na kiti chake, na hesabu ilisema viti saba kati ya kila kumi vimekaliwa, na vitatu vina maji matupu. Kwa kitu kipole namna ile, saba ni vingi.

Niligeukia kile kiti cha mbao kumwambia. Huo ndio ukweli, niligeuka na mdomo wazi kabisa.

Nilipanda kwa Renata na karatasi mkononi. Alisoma haraka kama anavyosoma kila kitu, kisha akasoma polepole.

"Hii ni nzuri sana, Nettie. Tutaitoa kwenye jarida zuri, na jina lake liwe la kwanza. Andika kwamba njia mpya ya joto la chumba ndiyo iliyofanikisha."

"Na zile kumi na moja?"

"Zina nini?"

"Niliziharibu mimi. Gliserini yangu."

Renata akavua miwani. "Hilo hulijui. Huenda nyingine kweli hazishiki."

"Huenda. Ndiyo maana ningezirudia."

"Vichupa vilitupwa Novemba."

"Najua."

"Nettie, sikusemi vibaya, ila fomu ile..."

"Naijua sahihi yangu, Renata."

Alikuwa na huruma usoni, jambo ambalo sikulihitaji kabisa. "Sikiliza. Hakuna mtu duniani atakayeuliza habari za zile kumi na moja."

"Basi nitawaambia bila kuulizwa."

Niliandika kabla usiku haujafika, kabla sijapoa. Niliandika kwamba matokeo kumi na moja ya awali hayafai, kwamba kiti hakikuwa kitupu, kwamba kosa ni la mwangaliaji na si la mpishi, na kwamba mpishi aliliona akauliza. Niliweka jina langu kamili. Ilinitoka kama mwiba, kwa maumivu na nafuu.

Kisha nikampigia Verna. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kwamba mara ya kwanza nilipompigia nilikuwa nimekosea, kwamba sasa ni kweli, kwamba zile nyingine niliziua mwenyewe na masanduku nikayasaini yatupwe. Nilitegemea anitukane. Ningemshukuru.

"Kwa hiyo alikuwa sahihi," akasema.

"Alikuwa sahihi."

"Ajabu." Nilimsikia akivuta kiti jikoni kwake. "Maana mwenyewe alishaacha kuamini."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa alikuja kunisaidia kuchimba viazi. Nikamuuliza, zile dawa za mama zimefikia wapi? Akasema, 'Hazimo, Verna. Nettie kaangalia.' Nikamwambia, labda kakosea huyo Nettie wako. Akanicheka! Akasema, 'Nettie? Nettie hakosei. Akikuambia hakipo, hakipo.' Alikuwa anajivunia, unajua. Alikuwa anakutaja hivyo kwa watu."

Nikageuka kuitazama friji.

"Na kile kichupa?" nikasema. "Kama alishaacha, kichupa cha mwisho aliniletea cha nini?"

"Mimi nitayajuaje mambo yenu?" Verna akapumua. "Alisema tu amekukumbuka. Labda hakutaka kushuka mikono mitupu."

Baada ya simu nilibaki pale mpaka mashine ikapoa. Mwezi wa tisa, siku ile, hakuwa amekuja kubishana. Alishakubali. Aliamini neno langu kuliko macho ya akili yake mwenyewe, akaleta kichupa alichodhani hakifai kitu, akaita jina langu, akaketi. Kwenye chumba cha ubaridi kuna saa ya ukutani ya kupimia fuwele, na nilikuwa nimeikodolea macho muda wote, nikisubiri aende zake. Alikaa dakika kumi na moja. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kitasa.